Jinsi ya Kuanzisha Blogu Yako na Kuilinda Isipotee

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika kwa kupenda. Una kazi yako ya mchana, au duka, au shamba, na usiku nyumba ikishatulia unapata saa moja ya kuandika: mapishi ya kwenu, historia ya mtaa, mpira, ufugaji wa kuku, hadithi fupi. Hutafuti mshahara. Unataka usomwe, na ulichoandika leo kiendelee kusomeka miaka kumi ijayo.

Hilo la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo lililonisukuma kuandika. Kufungua blogu ni kazi ya jioni moja. Kuifanya ibaki hewani kunataka maamuzi machache yafanywe mapema, na mengi kati yake hayahitaji utaalamu wowote wa kompyuta.

KWA NINI UWE NA UKURASA WAKO

Waandishi wengi wazuri wa Kiswahili siku hizi huandikia kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Andiko linatumwa asubuhi, linasifiwa hadi mchana, na ikifika jioni limeshafunikwa na salamu, matangazo ya misiba na video. Mwakani mtu akilitaka halioni. Likisambazwa, jina la mwandishi linakatwa njiani. Kwenye blogu kila makala ina anwani yake, ina tarehe, ina jina lako, na mtu asiyekujua kabisa anaweza kuifikia kwa kutafuta Google.

Walituonyesha waliotangulia. Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa wa kwanza kublogu kwa Kiswahili kupitia Jikomboe, na mpiga picha Issa Michuzi akaanza blogu yake mwaka 2005. Huko Kenya, mwanasheria Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake, Kenyan Pundit, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Januari 2008 alitoa wito kwa wanaojua teknolojia watengeneze ramani ya kukusanya taarifa za matukio. Wito huo ndio uliozaa Ushahidi, programu iliyokuja kutumika katika nchi nyingi. Hakusubiri mhariri ampe nafasi.

Hata hivyo, blogu nyingi hukaa kwenye mitambo ya kampuni, na kampuni hufunga. GeoCities ilifungwa mwaka 2009. Posterous ikafuata 2013, Google+ 2019, na Typepad, iliyokuwa ikihifadhi blogu tangu 2003, ilifunga milango 2025. Maandishi ya watu wengi yalikwenda nayo. Ndiyo maana kila hatua utakayoisoma hapa inatokana na mambo mawili: anwani iwe yako, na nakala iwe mikononi mwako.

KABLA HUJAFUNGUA CHOCHOTE

Shika kalamu na karatasi kwanza.

1. Andika jambo ambalo watu hukuuliza wewe. Majirani wanakufuata kuhusu nini? Hapo ndipo ulipo na kitu cha kusema. "Maisha na mambo mbalimbali" si mada, na blogu za namna hiyo huishiwa pumzi mapema.

2. Orodhesha vichwa kumi vya makala. Ukikwama kwenye cha nne, ama mada ni finyu mno, ama huipendi kama ulivyodhani. Badilisha sasa, wakati kubadilisha hakukugharimu kitu.

3. Andika makala tatu kamili na uzihifadhi. Siku ya kufungua, chapisha moja. Mbili zilizobaki zitakuokoa wiki utakayouguliwa au kubanwa na kazi.

4. Amua utatumia jina gani. Jina lako halisi hujenga imani. Jina la kalamu linafaa ikiwa ajira yako ina masharti, au unaandika mambo ya familia. Usibadilishe katikati ya safari.

CHAGUA MAHALI PA KUANDIKIA

Blogger ilianza 1999 na ikanunuliwa na Google 2003. Ni bure, haikuletei kazi ya ufundi, na inakubali uunganishe anwani yako mwenyewe bila kuilipa chochote. Haina madoido mengi, na kwa anayeanza huo ni unafuu. WordPress.com nayo ina mpango wa bure, lakini kuunganisha anwani yako kunahitaji mpango wa kulipia. Kisha kuna programu ya WordPress yenyewe, iliyotoka 2003, unayoipakia kwenye seva ya kukodi. Hii inakupa uhuru mkubwa pamoja na majukumu: kulipia seva kila mwaka, kusasisha programu na plagini zake (vijiprogramu vya nyongeza), kuzuia wadukuzi.

Ushauri wangu kwa anayeandika kwa kupenda: anza na Blogger na anwani yako mwenyewe. Nenda kwenye seva ya kukodi pale tu utakapokuwa unafurahia kazi ya ufundi kama unavyofurahia kuandika. Nimeona tovuti nyingi za WordPress zilizosimikwa kwa mbwembwe, kisha plagini zikaachwa bila kusasishwa, na mgeni akifungua anapelekwa kwenye matangazo ya dawa za ajabu. Mwenyewe hajui, kwa sababu hajaingia miezi.

KIKOA: HAPA USIFANYE MCHEZO

Kikoa ni jina la anwani yako mtandaoni, lile linaloishia na .com, .co.tz, .me.ke na kadhalika. Kwa mtu binafsi kuna .me.tz Tanzania na .me.ke Kenya, ambavyo vimewekwa kwa ajili ya watu badala ya makampuni. Chochote utakachochagua, sababu ya kukilipia ni moja: mtambo ukifungwa unahamishia maandishi kwingine, na wasomaji wanaendelea kutumia anwani ileile. Viungo vilivyowekwa na wengine kuelekea kwako havifi.

Hatua za kusajili:

1. Chagua jina fupi linaloweza kutamkwa kwenye simu bila kuliandika. Epuka vistari, tarakimu, na maneno ambayo watu huyaandika kwa namna mbili.

2. Nunua kwa msajili anayetambuliwa. Kwa .ke orodha iko KeNIC, wasimamizi wa vikoa vya Kenya; kwa .tz ulizia TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

3. Sajili kwa jina lako na barua pepe yako. Usitumie barua pepe ya kazini. Ukihama kazi, imekwenda.

4. Omba taarifa zako zifichwe kama msajili ana huduma hiyo, la sivyo namba ya simu na anwani vinaweza kuonekana na yeyote.

5. Weka tarehe ya kulipia tena kwenye kalenda ya simu, mwezi mmoja kabla.

Kosa linalowaumiza wengi liko kwenye hatua ya tatu. Unampa kijana fundi pesa akutengenezee tovuti, naye anasajili kikoa kwa barua pepe yake kwa sababu ndivyo anavyofanya kwa wateja wote. Hana nia mbaya. Miaka miwili baadaye amehama mji, namba haipatikani, ujumbe wa kukumbusha malipo unakwenda kwenye sanduku lake, na wewe unashtuka tovuti imezimika. Kwa msajili, mwenye kikoa ni yule fundi. Kwa hiyo kaa naye, fungueni akaunti pamoja, na nenosiri la akaunti hiyo liandikwe na mkono wako. Mlipe vizuri kwa kazi yake, lakini hati ibaki kwako.

KISANDUKU: KIKOA CHA .COM KISIPOLIPIWA
• Siku za mwanzo baada ya muda kuisha, wasajili wengi hukuruhusu kulipia kwa bei ya kawaida, ingawa tovuti inaweza kuwa imeshazimwa.
• Baadaye huja siku 30 za kukikomboa, kwa ada kubwa kuliko bei ya kawaida.
• Kisha siku 5 za mwisho ambazo hakuna unachoweza kufanya.
• Baada ya hapo yeyote anaweza kukinunua. Vikoa vyenye wasomaji hunyakuliwa haraka, mara nyingi na watangazaji wa kamari, na jina ulilolijenga linaanza kuuza vitu usivyovikubali.
Vikoa vya .tz na .ke vina ratiba zake. Muulize msajili siku unaponunua.

MAKALA INAYOPATIKANA NA KUSOMEKA

Mtu haandiki kwenye Google maneno mazuri. Anaandika shida yake. Tuseme unaandika mapishi ya Mwambao na umetunga kichwa "Utamu wa Asubuhi". Kinapendeza, ila hakuna anayekitafuta. Mama aliye Mwanza, au binti aliye Muscat anayejaribu mapishi ya nyumbani, anaandika: "kwa nini vitumbua vinaganda kwenye kikaango". Kipe kichwa hichohicho. Halafu jibu katika mistari miwili ya kwanza: kikaango hakijashika moto, au mafuta ni machache, au unakigeuza kitumbua kabla upande wa chini haujaiva. Ukishamaliza shida yake, msimulie kuhusu mchele uliolowekwa usiku kucha, tui, hamira, iliki, na bibi aliyekufundisha. Sasa ana muda wa kukusikiliza.

Uwekaji wa tarehe nao una siri yake. "Juzi", "mwaka huu" na "bei ya sasa" huharibika haraka. Andika "Machi 2025". Ukitaja nauli, ada au bei, iambatane na mwezi na mwaka, ili anayesoma baadaye ajue anapima na nini.

Picha ndizo zinazowafukuza wasomaji wetu bila wao kusema. Picha moja iliyopigwa na simu ya kisasa huweza kufika MB 4. Ukiweka tano, ukurasa mmoja una MB 20, na msomaji mwenye bando la MB 200 amekulipa sehemu moja ya kumi ya bando lake kabla hajasoma aya ya pili. Akiona gurudumu linazunguka tu, anaondoka.

Kupunguza picha:

1. Kwenye kompyuta, fungua Squoosh ndani ya kivinjari. Ni bure, na picha haitoki kwenye mashine yako.
2. Punguza upana uwe pikseli 1200.
3. Shusha ubora hadi faili iwe chini ya KB 200. Kwa macho hutaona tofauti kubwa.
4. Huna kompyuta? Jitumie picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, si kama faili, kisha uipakue. Imeshapungua.
5. Andika maelezo mafupi ya picha. Asiyeona anayetumia programu ya kusomewa skrini ataelewa, na Google pia.

Tahadhari: picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Kama umepiga nyumbani kwako, hakikisha taarifa hiyo imeondolewa. Njia ya hatua ya nne huiondoa.

Kabla ya kuchapisha, iache makala ilale usiku mmoja, kisha isome kwa sauti. Ulimi utajikwaa palepale msomaji atakapojikwaa. Ukigundua kosa baada ya kuchapisha, sahihisha waziwazi na uandike chini: "Imesahihishwa tarehe fulani, awali nilisema hivi." Wasomaji hawakudharau kwa hilo. Wanaanza kukuamini.

SHERIA, NA HESHIMA YA WATU

Sitapita haraka hapa, maana kuna watu walizima kurasa zao kwa kutojua.

Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018 zilizowataka wenye blogu kupata leseni ya TCRA, na gharama za kuanzia zilivuka shilingi milioni 2. Juni mwaka huo baadhi ya wanablogu walisimamisha kazi. Kanuni hizo zilibadilishwa 2020, na zimefanyiwa marekebisho tena tangu hapo. Kwa hiyo usitegemee ulichosikia kwa rafiki aliyeanza zamani. Fika au piga simu TCRA, waeleze hasa unachotaka kuandika, na uulize kama kinahitaji leseni. Ukigusa habari na siasa za kila siku, uliza mapema zaidi. Kumbuka pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa Kenya zipo sheria ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, na ya 2019 kuhusu ulinzi wa data.

Ipo na heshima isiyosubiri sheria:

• Usiweke picha ya mtu kabla hajakubali, hasa mgonjwa, mfiwa au mtoto. Kwa mtoto, muulize mzazi, na usitaje shule yake.
• Usimtaje jirani kwa jina katika kisa cha aibu. Hata ukibadilisha jina, mtaa mzima unajua.
• Picha iliyoonekana Google si ya Google. Ina mwenyewe. Tafuta Wikimedia Commons, soma masharti yake, na umtaje aliyeipiga.
• Ukinukuu mzee aliyekusimulia historia, mwambie mapema kwamba itakwenda mtandaoni. Msomee ulichoandika. Mara nyingi atakuongezea kitu bora kuliko ulichonacho.

NAKALA NA ULINZI

Fanya haya siku ya kwanza, kisha rudia kila baada ya miezi mitatu.

1. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe inayomiliki blogu na kikoa. Anayeingia kwenye barua pepe yako ameingia kila mahali.

2. Chapa kwenye karatasi na uweke kabatini zile namba za akiba za kuingilia akaunti. Laini ya simu isiyotumika kwa miezi hufungwa na mtandao na huweza kupewa mtu mwingine. Ukitegemea laini hiyo peke yake, siku moja ujumbe wa uthibitisho utakwenda kwa mgeni.

3. Pakua maandishi yote. Kwenye Blogger, ingia Mipangilio, shuka hadi penye kuhifadhi nakala ya maudhui. Kwenye WordPress ni Zana, kisha Hamisha nje. Faili la WordPress hubeba maandishi, si picha zenyewe, kwa hiyo picha zihifadhi peke yake.

4. Weka nakala mahali pawili: flashi nyumbani, na hifadhi ya mtandaoni iliyo chini ya akaunti nyingine.

5. Peleka makala zako muhimu kwenye Wayback Machine, hazina ya Internet Archive iliyofunguliwa kwa umma 2001. Bandika anwani ya makala kwenye sehemu ya kuhifadhi ukurasa, bonyeza, basi. Ni bure, na hiki ndicho kitendo kidogo chenye faida kubwa kuliko vyote katika mwongozo huu.

Onyo kwa wa Blogger: tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti binafsi zisizoguswa kwa miaka miwili. Ukipumzika kuandika, ingia walau mara chache kwa mwaka.

WASOMAJI

Chapisha kwako kwanza, kisha tangaza kwingine. Kwenye WhatsApp usitupe kiungo kitupu. Watu wameumizwa na viungo vya matapeli na wana haki ya kuogopa. Tanguliza aya ya kwanza ya makala, sema wewe ndiye uliyeandika, kisha weka kiungo. Jibu maoni ya wasomaji. Weka utaratibu wa kuyakagua kabla hayajaonekana, maana matangazo ya mikopo na waganga hayachelewi kujazana.

Ratiba: makala moja kila wiki mbili inatosha, mradi ifike. Takwimu za wageni zitazame mara moja kwa mwezi. Ukizichungulia kila siku utaanza kuandika kinachovuta macho, na ile mada majirani waliyokufuata kuiuliza utaiacha.

Fedha usiiwekee matumaini mwaka wa kwanza. Kama itakuja, hesabu kwanza ada ya kikoa.

KAGUA MARA MOJA KWA MWAKA

□ Kikoa kimelipiwa, na kimesajiliwa kwa jina na barua pepe yangu.
□ Nimefungua blogu kwa simu ya mtu mwingine, kwa bando la kawaida, nikaona inavyofunguka.
□ Viungo vya makala kumi zinazosomwa zaidi vinafanya kazi.
□ Nakala ya mwisho ina umri usiozidi miezi mitatu, na nimejaribu kuifungua.
□ Kanuni za nchi yangu nimezisoma upya.
□ Ukurasa wa "Kuhusu mimi" una njia ya kunipata inayofanya kazi.
□ Yupo mtu wa nyumbani anayejua blogu ipo, kikoa kililipiwa wapi na nakala ziko wapi. Google ina Kidhibiti cha Akaunti Isiyotumika kinachokuruhusu kuchagua hadi watu 10 watakaoarifiwa na kupewa data yako ukinyamaza kwa muda uliouweka mwenyewe. Jaza jina la mmoja leo, na umwambie umemjaza.